Mchicha na Ukoka

Historia ya nchi yetu mara nyingi husimuliwa kwa majina ya viongozi na tarehe za mikutano. Si vibaya, nami kwa miaka mingi nimeifundisha hivyo. Lakini ipo njia nyingine ya kuitazama, nayo ni kuinama na kuangalia ardhi ilifanyiwa nini, na kwa amri ya nani. Katika makala haya nitalinganisha mimea miwili ambayo karibu kila mtoto wa shule zetu ameifahamu kwa mikono yake: mchicha, ambao aliumwagilia maji, na ukoka, ambao aliung'oa.

Tuanze na mchicha. Mbegu yake ni ndogo mno, ndiyo maana bibi zetu huichanganya na mchanga au majivu kabla ya kuimwaga, isije ikaangukia mahali pamoja. Unataka tuta lililolimwa likalainika, samadi iliyooza vizuri, jua la kutosha, maji asubuhi na jioni wakati wa kiangazi, na mkono wa kupalilia. Ukipewa hayo, baada ya wiki tatu au nne hung'olewa ukaingia chunguni. Ukinyimwa maji, hukimbilia kutoa maua, na majani yake huwa magumu. Mchicha ni mgeni wa heshima: hakai sana, ila akiwapo hula vizuri, na akiondoka ghala ya udongo imepungua. Asiyerudisha samadi, mavuno ya tatu hayatakuwa kama ya kwanza.

Ukoka ni tabia nyingine kabisa. Kipande cha shina kinatosha kuuanzisha. Hutambaa, na kila pingili inayogusa udongo hutoa mizizi. Kiangazi kikija, majani hukauka, lakini mashina yaliyo chini ya ardhi hungoja mvua. Watoto huukanyaga, mbuzi huula, na baada ya siku chache umeinuka tena. Kitu usichokivumilia ni kivuli. Chini ya mwembe mkubwa hufifia. Kwa hitaji hilo la jua unafanana na mchicha, na hapo ndipo ugomvi wao unapoanza, kwani yote miwili inataka mahali pale pale. Mkulima akiupiga jembe, kila kipande huwa mche mpya. Anauchukia, na ana haki. Hata hivyo ukoka una kazi yake, nayo ni kuushika udongo mvua inapopiga.

Kwa ufupi, mmoja unataka udongo ufunguliwe na mwingine unataka udongo uachwe. Ndugu msomaji, ukizitazama siasa zetu za ardhi utaona kwamba nyingi zilijikwaa hapo, kwa kuamuru jambo moja kila mahali.

Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi katika milima ya Uluguru, Morogoro. Hofu yake ilikuwa ya kweli, maana miteremko ile ni mikali, na mito yake huwanywesha watu wa mabondeni. Dawa iliyoamriwa ilikuwa kuchimba matuta ya ngazi, kwa nguvu na kwa faini. Lakini katika sehemu nyingi udongo wa juu ni mwembamba. Jembe lilileta juu udongo usio na rutuba na kuufukia ule mzuri. Watu walitoa jasho, wakavuna kidogo. Mwezi wa Julai 1955 ghasia zilizuka, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Huko Mgeta, ambako palikuwa na mifereji ya maji na soko la mboga, ngazi zilipokelewa vizuri zaidi, kwa sababu mboga ziliweza kulipa jasho la kuzichimba.

Baada ya Azimio la Arusha, mwezi wa Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Alitaka kila shule iwe na shamba, na wanafunzi washiriki katika kuamua mipango ya shamba lao. Mwaka 1972 ikaja Siasa ni Kilimo, na mwaka 1974, baada ya ukame, Kilimo cha Kufa na Kupona. Mchicha ulistawi katika shule nyingi. Lakini mahali pengi lile neno la kuamua lilisahauliwa, jembe likawa adhabu. Aliyechelewa aling'oa ukoka. Uwanja ukafagiliwa mpaka ukang'aa, kwa ajili ya usafi na kwa hofu ya nyoka.

Nikiwa mwalimu kijana, mzee mmoja alifika shuleni kwetu wakati wa masika. Alitazama msingi wa darasa, ambao mvua ilikuwa imeuchimbua hata mawe yakaonekana, kisha akamwambia mkuu wetu wa wakati huo, "Mwalimu, mnafagia uwanja mpaka mtaumaliza." Mkuu alicheka tu. Baadaye ufa ulipanda ukutani, na wazazi wakaombwa mchango wa saruji. Mzee yule alikuwa miongoni mwa waliochangia.

Kondoa ilipata funzo la upande wa pili. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kuondoka katika eneo lililomomonyoka. Nyasi zilirudi zenyewe, makorongo yakaanza kufunikwa. Lakini ng'ombe walipoondoka waliondoka na maziwa, na samadi pia, ambayo bustani huishi kwayo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ng'ombe wachache wa maziwa walianza kurudishwa, wakifugwa zizini na kukatiwa majani. Hapo nyasi ziliweza kubaki ardhini, na samadi ikafika shambani.

Wamatengo wa Mbinga walikuwa wamelitatua fumbo hilo zamani, bila amri ya bwana shamba. Katika ngoro zao nyasi hufyekwa, hupangwa kwa miraba, na kufukiwa kwa udongo unaochimbwa katikati. Shimo huzuia maji yasiteremke kwa kasi, na nyasi zinazooza hulisha maharage, kisha mahindi.

Ndiyo maana, nilipoulizwa na walimu vijana wa chuo cha ualimu watengeneze vipi mazingira ya shule, niliwashauri hivi. Mteremko, kando za kuta na kiwanja cha michezo viachieni ukoka, mkiufyeka mfupi ili nyoka asipate maficho. Matuta ya mchicha yawe karibu na maji, yakitengwa na ukoka kwa njia ya kupita inayopaliliwa kila wiki. Majani yaliyofyekwa yakaushwe vizuri juani, kisha yapelekwe kwenye shimo la mboji, na mboji irudi kwenye matuta. Tena, kabla hamjashika jembe, kaeni na wanafunzi mvua inaponyesha, watazame maji yanapita wapi, halafu waamue wao wapi palimwe na wapi pasiguswe.