Majimbo, Sharia na Video Isiyo na Mwenyewe

Wiki hizi nimekuwa nikichimba kampeni za zamani, na kuna ujanja mmoja unarudi kila uchaguzi kama nguo ya mtumba iliyopigwa pasi. Humwiti mpinzani wako mwizi, hiyo imezoeleka. Unachukua sera ambayo watu wanaiogopa, unaibandika mgongoni mwake, halafu unawaachia wapiga kura wamalizie hesabu wenyewe.

Cheki 2007. Wengi wenu mnaosoma hii mlikuwa nursery, ama hata hamkuwa mmezaliwa. Raila Odinga wa ODM anashindana na Rais Mwai Kibaki wa PNU. ODM inauza ugatuzi, lakini neno linalozunguka mtaani ni majimbo, na hapo ndipo shida ilipo. Kwa msee wa Pwani, majimbo ilimaanisha pesa na maamuzi kukaa karibu na nyumbani, si kila kitu kungoja Nairobi. Kwa familia ya Rift Valley iliyochomewa nyumba kwenye vita vya 1992, neno hilo hilo lilimaanisha "rudini kwenu". Na hawakuwa wanaota. Mwaka 1991 kuna wanasiasa waliosimama kwenye mikutano wakadai majimbo huku wakiwatisha wale waliowaita wageni. Kwa hivyo wapinzani wa ODM hawakuhitaji kueleza sera ilisema nini. Kulitaja tu neno kulitosha. Raila anaongea ugatuzi, msikilizaji ananusa moshi.

Halafu ikaja ile MoU. Agosti 2007 Raila alitia saini makubaliano na viongozi wa Kiislamu, na mwanzoni yaliyomo hayakuwekwa wazi. Kosa kubwa hilo, kwa maoni yangu, maana karatasi ikifichwa kuna mtu atajitolea kukuandikia nyingine. Ikatokea nakala inayodai ati ameahidi sharia. Ikasambaa vibaya sana, na hapo WhatsApp hata haikuwepo. Novemba ODM ikatoa makubaliano yenyewe, na sharia haikuwemo. Yalihusu Waislamu kubaguliwa, na wale watu waliokamatwa Kenya mapema mwaka huo, wakapakiwa kwenye ndege na kupelekwa Somalia na Ethiopia bila kupelekwa kortini.

Enyewe hapo ndipo huwa nakasirika. Kulikuwa na swali la ukweli mezani: je, serikali inaweza kumchukua mtu usiku na kumkabidhi kwa nchi nyingine? Kuna mama aliyekuwa anangoja kusikia mgombea akijibiwa kuhusu hilo. Badala yake nchi nzima ikabishana kuhusu sharia ambayo hakuna mtu alikuwa ameiahidi.

Mnajua kilichofuata baada ya Desemba: zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Sisemi karatasi moja iliua mtu. Vyanzo vilikuwa vingi na vya miaka mingi. Lakini miaka mitatu tu baadaye, Kibaki na Raila walisimama upande mmoja kupigia debe katiba ya 2010, iliyotuletea kaunti 47. Ugatuzi ukapita. Kumbe ukiondoa lile neno, watu waliutaka.

Usidhani ni ushamba wetu. Marekani, 1964, timu ya Lyndon Johnson ilirusha tangazo la msichana mdogo akihesabu petali za ua, halafu bomu la nyuklia linalipuka. Lililipiwa mara moja tu, na jina la Barry Goldwater halitajwi kabisa. Tangazo lingine lilionyesha mikono ikirarua kadi ya pensheni ya serikali. Hilo lilikuwa na msingi kidogo, kwa sababu Goldwater mwenyewe alikuwa amependekeza mpango huo uwe wa hiari. Kutoka hiari hadi kurarua ni safari ndefu, lakini walau aliyelipia alijulikana. Johnson akashinda majimbo 44. Machi 1965, huyo mgombea wa amani akapeleka wanamaji wake Vietnam.

Sasa rudi nyumbani, 2017. Kama ulikuwa na simu, uliiona ile video ya sekunde tisini: Kenya ya 2020 chini ya Raila, njaa, magonjwa, kabila likigeuziwa kabila. Hakuna sera yake hata moja iliyonukuliwa. Hakuna chama kilichoweka jina. Ukitafuta jina lake Google, unapata tangazo la kumponda. Ni majimbo ya 2007 tena, ila sasa yamehaririwa vizuri na yana muziki wa filamu.

Desemba mwaka huo shirika la Privacy International likaripoti kuwa kazi hiyo ilifanywa na Harris Media, kampuni ya Texas, kwa niaba ya kampeni ya Uhuru Kenyatta. Wakati huo tulikuwa tumeshapiga kura mara mbili.