Nishani ya babu haisemi, muhuri ndio unasema

Leo tuongee historia kidogo, ile ambayo kidato cha pili hatukufundishwa.

Wanaokusanya nishani za Kisovieti wana bahati. Nishani ya Nyota Nyekundu ilichongwa namba mgongoni, na namba hiyo hiyo ikaandikwa kwenye kitabu chake chenye mhuri. Hata mwenyewe angekuwa ofisa wa ujasusi, ukiunganisha chuma na karatasi unaanza kumjua ni nani.

Sasa njoo Mollo, hapa kwetu Sumbawanga. Mzee mmoja alinitolea nyota ya baba yake, imefungwa kwenye kitambaa. Imeandikwa THE BURMA STAR, yaani vita vya Bama. Nikaigeuza: nyuma tupu! Waingereza hawakuchonga majina kwenye nyota zao za Vita Kuu ya Pili, awe mzungu awe Mfipa. Kwa hiyo nyota peke yake haiwezi kukwambia ni ya nani.

Kitu pekee inachotaja ni mfalme. Katikati kuna herufi GRI na VI, kifupi cha Kilatini: George wa Sita, Mfalme na Kaizari. Ukaizari wenyewe ulikuwa wa India, na cheo hicho kilifutwa mwaka 1948. Yaani babu zetu walivaa kifuani cheo ambacho hakikumaliza hata miaka mitatu baada ya vita.

Jina, cheo na tarehe viko kwenye karatasi ya kuachishwa jeshi, na hapo ndipo mihuri inapoanza kuongea. K.A.R. ni King's African Rifles, Keya ya wazee wetu. T.T. ni Tanganyika Territory. Kwa hiyo ukisoma 26 (T.T.) K.A.R. au 36 (T.T.) K.A.R., huyo alikuwa kwenye batalioni za Tanganyika za Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye mvua na malaria, ikafika mto Chindwin. E.A.A.S.C. ni kikosi cha uchukuzi na ugavi, nyumba ya madereva wengi.

Wino wa zambarau hufifia. Piga picha kwa simu, taa ikiwa pembeni, halafu ongeza ukali wa rangi. Herufi ulizodhani zimekufa zinaweza kurudi.

Kwa nini nahangaika na haya? Kwa sababu ya haki. Mwaka 2019 waandishi wa Al Jazeera walifichua nyaraka zinazoonyesha kwamba kiinua mgongo cha vita kilipangwa kwa cheo, muda wa utumishi na rangi ya ngozi. Mwafrika alipata hadi mara tatu pungufu ya mzungu wa cheo kile kile. Mwenye karatasi anaweza kuhesabu babu yake alipunjwa kiasi gani. Mwenye nyota tupu atabaki na hadithi, na siku moja mnunua vyuma chakavu atapita na mizani yake.

Yule mzee nilimuuliza karatasi iko wapi. Akajibu: mchwa.

Kwa hiyo likizo hii ukienda nyumbani, omba wakufungulie sanduku. Usiilaminishe hiyo karatasi, na usiifuatishie kwa peni. Ipige picha pande zote mbili, muhuri kwa muhuri, uirudishe pakavu. Halafu kaa na wazee uwasomee ilichoandikwa.