Kilumi na Zimwi la Maji

Katika lugha ya Kikamba jina moja hutaja viumbe wawili wasiofanana. Iimu, au eimu kama wasemavyo wengine, ni zimwi la hadithi, jitu lilalo watu, ambalo mara nyingi hushindwa kwa werevu wa mtoto mdogo. Lakini iimu ni roho pia: mzee aliyefariki na ambaye jamaa zake bado wamkumbuka, au pepo aliyetoka kwa watu wa mbali. Zimwi husimuliwa jioni karibu na moto, na hakuna ampigiaye ngoma. Hao wengine, maimu wa wafu na wa mbali, ndio wapigiwao kilumi.

Kilumi ni ngoma ya kale ya Ukambani, nayo si mchezo wa vijana wa mbalamwezi. Wenye kuishika hasa ni wanawake watu wazima. Ngoma zake ni ndefu, zimewambwa ngozi upande mmoja, na hupigwa kwa viganja. Hupigwa mvua ikikawia, jambo ambalo wenyeji wa Kitui na Makueni wanalijua vizuri kuliko wangependa, au mtu akishikwa na maradhi yasiyofahamika. Mdundo hurudiwa tena na tena, nyimbo hubadilishwa, hata mmoja apandwe na pepo. Ndipo pepo aulizwapo ni nani na ataka nini. Huenda akataka nguo ya rangi fulani, huenda akataka tambiko. Msomaji na aangalie jambo hili: muziki wa kilumi hausimulii habari za pepo. Husema naye.

Tofauti hiyo nilifundishwa na mwanafunzi wangu, mimi niliyedhani namfundisha. Siku moja katika chuo cha ualimu niliwasikilizisha wanachuo muziki wa okestra uitwao Zimwi la Maji. Uliandikwa katika mwaka wa 1896 na Antonín Dvořák, Mcheki, baada ya kurudi kwao kutoka New York, ambako alikuwa amewaambia Wamarekani kwamba muziki wa nchi yao ujengwe juu ya nyimbo za watu weusi. Wacheki wakati huo walitawaliwa na Austria, na wengi wao waliona kwamba taifa lisilo na serikali yake laweza kuishi katika hadithi zake. Mshairi wao Karel Jaromír Erben alikuwa ametoa kitabu cha tungo za namna hiyo mwaka 1853, na humo ndimo Dvořák alimochukua kisa chake.

Kisa chenyewe ni hiki. Msichana aonywa na mama yake asiende ziwani. Aenda, atumbukia, na zimwi lakaalo chini ya maji lamwoa. Azaa mtoto. Amlilia mumewe amruhusu kumwona mama yake, naye apewa siku moja tu, mtoto akibaki rehani. Jioni yafika, mama hamwachi arudi. Zimwi labisha mlango, tufani yavuma, na mwisho mtoto atupwa mlangoni hali amekwisha kuuawa. Katika muziki, zimwi laanza kwa sauti ya filimbi, sauti nyepesi mno kwa kiumbe kikatili, nami naona hapo ndipo ulipo ustadi wa mtunzi. Tena Dvořák aliyapima maneno ya mshairi kama yanavyotamkwa, akayafanya kuwa tuni, ingawa hakuna aimbaye.

Muziki ulipokwisha, mwanachuo mmoja mzaliwa wa Kitui aliuliza, “Mwalimu, na hilo zimwi lilikuwapo likisikiliza?” Wenzake walicheka. Mimi sikuwa na jibu.

Mwaka ule ule wa 1896 ujenzi wa reli ulianza Mombasa, reli ambayo ingepita Kibwezi na Makindu. Mwaka mmoja kabla yake Peter Cameron Scott alikuwa amefungua kituo cha misioni ya Africa Inland huko Nzaui, katika Makueni ya sasa. Alifariki Desemba 1896. Wamisionari waliomfuata hawakuipenda kilumi, na aliyebatizwa alitakiwa kuiacha. Serikali ya kikoloni nayo iliogopa pepo kwa sababu yake yenyewe. Mwaka 1911, katika Machakos, wilaya iliyoshika wakati ule nchi ambayo sasa ni Makueni, watu wengi walipandwa na pepo, na Siotune wa Kathuke akasikilizwa kuliko maofisa. Serikali ilimhamishia mbali na Ukambani. Twaweza kuwacheka maofisa hao, lakini walielewa, labda kuliko sisi, kwamba ngoma ile ilikuwa na nguvu.

Hata hivyo habari hizi hazikupotea. John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, alikusanya hadithi za maimu na kuzitoa Oxford mwaka 1966, akafanya kwa Wakamba kazi iliyofanana na ile ya Erben. Paul Kavyu naye aliandika juu ya muziki wa Wakamba na ngoma zao. Na kilumi yenyewe imeingia katika tamasha la muziki la shule, ambako wasichana huipiga jukwaani, muda umepimwa, nao waamuzi wameketi na kalamu zao.

Niliwahi kuitazama huko. Wasichana walipiga vizuri sana, mikono yao ikaenda kwa haraka iliyokuwa ikizidi, kisha wakanyamaza wote pamoja, wakainama, wakashuka. Watu walipiga makofi. Karibu nami alikuwa ameketi mama mzee, mjukuu wake akiwa miongoni mwa wapigaji. Yeye hakupiga makofi. Alinigeukia akaniuliza kwa Kikamba, sauti yake ikiwa ya chini:

“Mwalimu, wamemwita. Mbona hawakumngoja?”