Kuku wa Sabato katika Baghdad ya Kale

Mtu anunuaye leo chungu cha umeme, kile ambacho hutiwa kuku mzima asubuhi na kuachwa kikijipikia hadi magharibi, aghalabu hudhani kwamba amenunua matunda ya akili za wahandisi wa zama zetu. Walakini asili ya upishi huo ni amri ya dini, na kwa upande wa kuku, makao yake yaliyo mashuhuri kabisa yalikuwa Baghdad, katika nchi ya Iraki, ambako Mayahudi walikuwa wamekaa tangu kuhamishwa kwao Babeli, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Khalifa al-Mansur kuuasisi mji huo mnamo 762.

Taurati, katika kitabu cha Kutoka, yakataza kuwasha moto siku ya Sabato, nayo Sabato huingia Ijumaa jua lituapo. Ulamaa wa Kiyahudi wakajiuliza: je, chungu kilichotangulia kuwekwa motoni kabla ya jua kutua, chaweza kubaki na joto lake? Wakajibu kwamba chaweza, lakini kwa masharti, na masharti hayo yaliwashughulisha sana. Katika Mishna, iliyokusanywa takriban mwaka 200, mna mlango mzima juu ya vitu vifaavyo kufunikia chungu: samadi, chumvi, chokaa na mchanga vimekatazwa, kwa sababu huzidisha joto, manyoya ya kondoo yameruhusiwa, majani makavu ni halali, yakiwa mabichi si halali. Asomaye mlango huo huona dhahiri kwamba waliouandika walikuwa watu waliokwisha kuzitia jikoni mwao fikira zao zote.

Kisha, katika zama za huyo huyo al-Mansur, akatokea Anan bin Daud, na baada yake madhehebu ya Wakaraimu, waliosema kwamba moto sharti uzimwe kabisa kabla ya Sabato kuingia, na wengi wao wakawa wakikaa gizani usiku wa Ijumaa na kula chakula kilichopoa. Wapinzani wao wakashikilia kinyume chake kwa nguvu zote, hata katika karne ya 12 mwanachuoni Zerahia ha-Levi, aliyekaa kusini mwa Ufaransa, akaandika kwamba mtu ajiepushaye na chakula cha moto siku ya Sabato astahili kutiliwa shaka katika imani yake. Sidhani kama uko mchuzi mwingine duniani uliopata kubebeshwa hoja nzito kiasi hicho.

Katika nyumba za Baghdad hoja hiyo ililiwa kwa jina la tbit. Ijumaa mchana mpishi humtwaa kuku mzima, na kama ni kuku koo, aliyekwisha kutaga na kulea, ni bora zaidi, kwani nyama ya kifaranga haivumilii moto wa usiku kucha, ilhali ile mishipa na ngozi ngumu ya kuku mkongwe, ipatapo joto dogo lisilokatika kwa saa kumi au zaidi, huyeyuka ikawa ulaini na utamu wa mchuzi. Tumboni hushindiliwa mchele uliochanganywa na firigisi na moyo vilivyokatwakatwa, pamoja na nyanya na viungo ambavyo mtu wa Mombasa au Unguja angevitambua kwa harufu kabla hajaviona: iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga na manjano. Tumbo hushonwa kwa sindano na uzi, kuku akageuzwageuzwa katika mafuta hata apate rangi, kisha hutiwa maji na nyanya, na mchele uliosalia ukamzunguka pande zote. Hapo sufuria ya shaba iliyopakwa bati ndani hufunikwa, huwekwa juu ya makaa yaliyofukiwa kwa jivu, na kuvishwa mablanketi na mazulia makuukuu. Juu ya mfuniko, chini ya nguo hizo, hupangwa mayai na maganda yake, ambayo hata kufika asubuhi huwa yamegeuka rangi ya kahawia nje na ndani.

Mayai ndiyo yaliyotangulia kuliwa, Jumamosi asubuhi watu watokapo sinagogi, pamoja na biringani za kukaanga na achari ya embe, ambayo wafanyabiashara wa Baghdad waliizoea kutoka Bombay. Kuku mwenyewe alingoja chakula cha mchana. Na penye wali wa kulala motoni hapakosi ugomvi, kwani ukoko ulioshika chini ya sufuria, mwekundu na mkavu, ulikuwa haki iliyogombewa na watoto wote wa nyumba. Jambo ambalo kwetu pwani halihitaji kufafanuliwa.

Upishi huu ulisafiri pamoja na wenyewe. David Sassoon alihamia Bombay mnamo 1832, na jamaa za Baghdad waliokaa huko na Calcutta waliendelea kumlaza kuku wao katika mchele. Baadaye, mnamo 1950 na 1951, Mayahudi takriban 120,000 waliiacha Iraki kwa ndege kwenda Israeli, na yale mayai ya kahawia, pamoja na biringani na achari, leo huuzwa barabarani huko ndani ya mkate.

Amma chungu cha umeme, hicho kilizaliwa na tawi jingine la ukoo huo huo. Mayahudi wa Ulaya ya Mashariki walikuwa na cholent, maharagwe na shayiri na nyama, waliyoipeleka Ijumaa katika tanuri la mwoka mikate ili ilale humo. Irving Nachumsohn, baadaye Naxon, aliyezaliwa Jersey City mwaka 1902, alikuwa amesikia habari za cholent hiyo kutoka kwa mama yake, mzaliwa wa Lithuania. Akabuni chungu chenye waya wa moto uliozunguka ubavuni, akapewa hataza mnamo 1940. Kwa miaka mingi hakikuwa na sifa kubwa zaidi ya kupikia maharagwe. Mnamo 1970 kampuni ya Rival ya Kansas City iliinunua biashara yake, na mwaka uliofuata ikakitoa kwa jina la Crock-Pot, wakati ambapo wanawake wengi wa Marekani walikuwa wakitoka asubuhi kwenda kazini; naye kuku mzima akaingia humo upesi.

Kuku wa chungu hicho huwa laini bila shaka, hata mfupa humtoka kwa kuvutwa kwa vidole. Lakini ngozi yake hutoka nyeupe na yenye majimaji, isipokuwa mpishi amemkaanga kwanza. Na kwa kuwa joto hutoka ubavuni na chombo ni cha kauri, ukoko haupatikani. Ndiyo sababu wapishi wengi wa asili ya Baghdad, hata walio na umeme wa kutosha, bado huanza tbit katika sufuria nzito jikoni, moto ukiwa mkali kidogo hata wali ushike chini, ndipo waisukume katika oveni yenye joto hafifu na kuiacha hadi asubuhi.