Mafuta, Mapaja na Damu ya Wanawake
Mwaka 1947, Jean Vague, daktari wa Marseille, Ufaransa, alitenganisha unene wa sehemu ya juu ya mwili na ule wa nyonga na mapaja, ulio wa kawaida zaidi kwa wanawake, naye kwa kulinganisha mafuta na misuli ya mkono na ya paja, alieleza mwaka 1956 kwamba ule wa kwanza huambatana zaidi na kisukari na maradhi ya mishipa. Uchunguzi wa maradhi ya moyo wa Framingham, Marekani, ulioanza 1948, uliwajumuisha wanawake, ilhali ule wa Nchi Saba wa mtafiti Ancel Keys, pia wa maradhi ya moyo, uliwapima wanaume tu. Mwaka 1977, Peter Wood na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliripoti kwamba wanawake wakimbiaji walikuwa na HDL nyingi zaidi katika damu, yaani chembe zinazorudisha kolesteroli kwenye ini, kuliko wanawake wasiokimbia.