Namba ya Maumivu na Siku za Kitandani: Upimaji wa Maumivu katika Wodi za Utengamao tangu Vita Kuu ya Pili ya Dunia

Mgonjwa wa wodi ya utengamao, awe amevunjika nyonga au amepooza upande mmoja baada ya kiharusi, huulizwa maumivu yake yamefikia kiwango gani kati ya sifuri na kumi. Swali hilo limezoeleka kiasi cha kudhaniwa kuwa ni la kale. Ukweli ni kwamba ni la juzi, na uhusiano wake na idadi ya siku za kulazwa umekuwa wa mashaka tangu mwanzo.

Mwaka 1946, daktari Mmarekani Henry Beecher alichapisha taarifa kuhusu askari waliojeruhiwa vibaya vitani. Wengi wao walipoulizwa walisema hawahitaji dawa ya kutuliza maumivu. Kumbe ukubwa wa kidonda haukutosha kumwambia daktari mgonjwa anaumwa kiasi gani. Ilibidi aulizwe mwenyewe. Vyombo vya kuulizia vilichelewa. Mwaka 1975 Ronald Melzack, wa Chuo Kikuu cha McGill, alitoa hojaji iliyojengwa juu ya maneno ambayo wagonjwa huyatumia kueleza maumivu yao. Hapa mwanaisimu wa Kiswahili ana neno la kusema: kichwa huwanga, jipu hupwita, tumbo hukeketa, kidonda huchoma. Namba moja huvimeza vyote hivyo.

Mabishano makali zaidi yalizuka ndani ya utengamao wenyewe. Huko Seattle, mwanasaikolojia Wilbert Fordyce aliona kwamba wodi ilimpa mgonjwa dawa alipolalamika na mapumziko alipoumia, hivyo ikawa inayalea malalamiko bila kukusudia. Yeye aligeuza utaratibu: dawa ilitolewa kwa saa maalumu, mazoezi yalikuwa na kiwango kilichopangwa mapema, na mapumziko yalifuata baada ya kiwango kutimizwa. Mgonjwa aliruhusiwa kwenda nyumbani kwa kuangalia anachoweza kufanya, si kwa kusubiri maumivu yaishe. Wapo waliouona utaratibu huo kuwa mkavu, na hofu yao haikuwa ya bure, kwani mikononi mwa mtumishi asiye makini ungeweza kuwa ruhusa ya kutomsikiliza anayeumwa. Hata hivyo, wagonjwa wa Fordyce walikaa wodini kwa wiki kadhaa, jambo lililowezekana kwa kuwa hospitali zililipwa kulingana na gharama zilizotumika.

Mlango huo ulianza kufungwa mwaka 1983, bima ya Medicare ilipoanza kuzilipa hospitali za kawaida kiasi kilichopangwa kwa kila aina ya ugonjwa. Kila siku ya ziada ikawa hasara ya hospitali. Wodi za utengamao zilisamehewa hadi mwaka 2002; zilipofikiwa, malipo yalipangwa kwa kuzingatia chanzo cha ulemavu, uwezo wa kujihudumia, umri na magonjwa yaliyoandamana. Kiwango cha maumivu hakikuwamo. Ajabu ni kwamba mwaka mmoja tu nyuma, 2001, chombo cha ithibati za hospitali nchini humo kilikuwa kimetaka maumivu ya kila mgonjwa yapimwe. Muuguzi akabaki na karatasi mbili: moja ikidai namba ya maumivu, nyingine ikihesabu siku bila kuitazama namba hiyo. Njia nyepesi ya kuishusha namba ilikuwa kidonge. Kufikia 2016, katikati ya janga la dawa jamii ya afyuni, chama cha madaktari wa Marekani kilitaka maumivu yasihesabiwe tena kuwa dalili muhimu ya tano.

Uganda ilipita njia nyingine. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Anne Merriman mwaka 1993, ilieneza mofini ya maji ya kunywa ambayo mgonjwa angeweza kuitumia akiwa kwake, na mwaka 2004 sheria iliwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Huko, aliyeuliza swali la maumivu aliweza pia kulijibu, na jibu halikuhitaji kitanda.