Lugha ya urithi chuoni: Anayesikia Kisukuma bila kukisema afundishweje?

KATIKA kata ya Igoma jijini Mwanza, kandokando ya barabara iendayo Musoma, Kiswahili ndiyo lugha ya soko, ya daladala na ya shule. Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wahaya na Wakurya hupanga nyumba moja, na watoto wao hukutana katika lugha hiyo. Ndani ya familia nyingi za Kisukuma, hata hivyo, bibi humsemesha mjukuu kwa Kisukuma, naye mjukuu huelewa vyema lakini hujibu kwa Kiswahili.

Kijana wa aina hiyo anapofika chuo kikuu huwa amebeba kile ambacho wataalamu wa isimu hukiita lugha ya urithi. Mtaalamu Guadalupe Valdés wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alieleza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba mwanafunzi wa lugha ya urithi ni yule aliyelelewa katika nyumba inayotumia lugha tofauti na ile inayotawala nje, akawa anaizungumza au walau anaielewa.

Maelezo hayo yana uzito kwa mwalimu. Mwanafunzi huyo si mgeni wa lugha, kwa kuwa sikio lake limekwisha kuzoea sauti zake. Wala si mzawa aliyekamilika, kwa kuwa maneno aliyonayo ni ya jikoni, ya salamu na ya kukemewa. Hajapata kuisoma, kuiandika, wala kuitumia katika mjadala wa watu wazima.

Mfano wa Kikorea

Vyuo vikuu vya Marekani vilikutana na suala hili kwa wingi kupitia watoto wa wahamiaji kutoka Korea, ambao waliongezeka baada ya sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965. Watoto hao walipofika vyuoni walijiandikisha katika madarasa ya Kikorea, wakaketi pamoja na wanafunzi ambao hawakuwahi kusikia hata neno moja la lugha hiyo.

Matatizo yalijitokeza pande zote mbili. Wageni waliogopa kufungua kinywa mbele ya wenzao waliozungumza kwa wepesi, ilhali watoto wa Wakorea walichoshwa na masomo ya salamu. Walipopandishwa darasa la juu kwa sababu ya wepesi wa kusema, walikwama katika tahajia, kwa vile matamshi na maandishi ya Kikorea hayalingani kila mahali. Kadhalika, walizoea lugha ya nyumbani, na hivyo kukosa namna za heshima ambazo Kikorea hudai mtu anapozungumza na mkubwa wake au mgeni.

Suluhisho lililotumiwa na vyuo kadhaa lilikuwa kutenganisha madarasa. Mwanafunzi hupimwa kwanza kusikia, kusema, kusoma na kuandika, kila stadi peke yake. Darasa la warithi huanza na kile wanachokijua, kisha huelekea haraka kwenye maandishi, msamiati mpana na lugha rasmi. Mwaka 2006 Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kilipata kituo cha kitaifa cha rasilimali za lugha za urithi.

Kisukuma kingedai nini?

Kwa mwanafunzi kutoka Igoma, ugumu ungekuwa mahali pengine. Kisukuma ni lugha ya Kibantu kama Kiswahili, na ukaribu huo humsaidia na kumpotosha kwa wakati mmoja. Anayejua mtu na watu hupata kwa urahisi munhu na banhu. Lakini Kisukuma kina irabu saba, ilhali Kiswahili kina tano, na kila irabu yaweza kuwa fupi au ndefu. Aidha, kina toni, na toni ya juu husogea mbele kutoka silabi yake ya asili. Sikio la mrithi hutambua tofauti hizo, lakini kalamu yake, iliyofunzwa Kiswahili, haina mazoea ya kuziandika.

Lipo pia suala la lahaja. Jina Sukuma lenyewe humaanisha kaskazini, na wasemaji hutofautiana kwa pande: dakama ni kusini, kiya ni mashariki na ng'weli ni magharibi. Mwalimu anayesahihisha neno ambalo mwanafunzi alilipata kwa bibi yake kutoka upande mwingine humwondolea imani na urithi wenyewe.

Mahali pa kuanzia papo. Irvine Richardson alichapisha uchunguzi wa toni za Kisukuma mwaka 1959, na Profesa Herman Batibo aliandika kwa Kifaransa juu ya fonolojia na mofolojia yake mwaka 1985. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2001, ulitoa atlasi mwaka 2009 iliyoorodhesha lugha zaidi ya 150. Na mbele kidogo ya Igoma, huko Bujora, Kisesa, ipo Makumbusho ya Wasukuma, matunda ya kazi iliyoanzishwa na Padri David Clement katika miaka ya 1950. Nyimbo za mashindano ya Bagika na Bagalu katika sherehe ya Bulabo ni matini hai ambayo darasa lolote lingeweza kuyatumia.

Kwa nini lisingojewe

Atlasi hiyo iliwahesabu wasemaji wa Kisukuma kuwa zaidi ya milioni 5, kundi kubwa kuliko la lugha nyingine yoyote ya kikabila nchini. Idadi hiyo huwafanya wengi waamini kuwa hakuna hatari. Lakini wingi wa wasemaji vijijini hauzuii mnyororo kukatika mjini. Anayeelewa bila kusema hatakuwa na cha kumrithisha mwanawe.

Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilihimiza lugha za jamii zitafitiwe, zihifadhiwe na kutafsiriwa. Kuhifadhi kwenye kamusi ni jambo moja, na kumrudishia kijana ulimi wake ni jambo jingine. Umri wa chuo huenda ukawa fursa ya mwisho, wakati bibi angali hai kumsahihisha na yeye mwenyewe hajaanza kulea.